Nipande au Nibaki Chini? Uhuru wa Mkristo Mbele ya Gurudumu Kubwa

Swali ninaloandika juu yake ni dogo. Halihusu ubatizo, wala ndoa, wala mambo ambayo baraza la wazee hukesha likiyajadili. Nilikuwa nimesimama kwenye gati liitwalo Navy Pier, mjini Chicago, na mwenyeji wetu alikuwa amefungua mkoba wake tayari kulipa. Ilinibidi nijibu: nipande lile gurudumu kubwa linaloinua watu juu ili watazame mji, au nibaki chini? Watoto wetu wakiliona lililo dogo kwenye viwanja vya Sabasaba huliita bembea. Najua baadhi yenu mtacheka. Mimi pia nilicheka, lakini baadaye. Siku ile sikucheka, kwa sababu swali hilo lilinionyesha mambo ya moyoni mwangu ambayo mafungo mengi ya Kwaresima hayakuwahi kunionyesha.

Tulikuwa watu watatu kutoka usharika wetu ulio kwenye miteremko ya Kilimanjaro: mimi, mzee wa kanisa mwenye umri wa miaka 69, na mwalimu mstaafu ambaye ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Tulikuwa tumealikwa na usharika rafiki wa Kilutheri katika jimbo la Illinois. Sehemu ya nauli ya ndege ililipwa na wenyeji, na sehemu ililipwa na washarika wetu. Anayeujua usharika wa kijijini anajua sehemu hiyo hupatikanaje. Hupatikana kwa mnada baada ya ibada. Mkungu mmoja wa ndizi huuzwa mara tatu. Kuku hupita mikono minne kabla hajafika kwenye sufuria. Mayai hununuliwa, hurudishwa, na kupigwa mnada tena. Nilimwona kwa macho yangu mama mmoja mjane akileta maparachichi saba aliyoyafunga kwenye kanga. Ndizi zile, kuku yule na maparachichi yale nilisafiri nayo ndani ya dhamiri yangu.

Siku moja kabla ya kurudi nyumbani, bibi wa miaka 78 ambaye tulilala nyumbani kwake alitupeleka mjini. Navy Pier ni gati refu linaloingia katika Ziwa Michigan. Lilifunguliwa mwaka 1916 kwa ajili ya meli za mizigo na za abiria. Leo ni mahali pa matembezi, penye migahawa, boti za watalii na watoto wenye aiskrimu. Gurudumu lililopo sasa liliwekwa mwaka 2016 kuadhimisha miaka 100 ya gati hilo. Kimo chake ni karibu mita 60, nalo lina vyumba 42 vya vioo ambamo watu huketi na kuzungushwa polepole.

Bibi alisimama mbele ya dirisha la tiketi akasema angependa tupande wote, na kwamba yeye ndiye atakayelipa. Nilisoma bei. Ilikuwa kama dola 20 kwa mtu mmoja. Nikapiga hesabu ya watu wanne kwa shilingi zetu, ikawa karibu laki mbili. Nikamjibu upesi: "Asante sana, mama. Lakini fedha hiyo kwetu ni sare za shule za watoto kadhaa. Sisi tutatazama kutoka hapa chini." Mzee aliponiuliza tunasema nini, nikamtafsiria. Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Umesema vema, Mchungaji. Hiyo ni mifuko miwili ya mbolea."

Bibi alifunga mkoba. Alisema si neno, akaenda kuketi kwenye benchi na kuliangalia ziwa.

Ukweli wa jibu langu

Jibu lile lilikuwa zuri. Ningeweza kulihubiri Jumapili na watu wakaitikia Amina. Tatizo lake ni kwamba halikuwa kweli.

Naogopa mahali pa juu. Niliogopa tangu utotoni, wenzangu walipokuwa wakipanda miembe na mimi nikijitolea kuokota zinazoanguka. Mwaka tulipoezeka upya paa la kanisa, nilijifanya napokea simu ili nisiambiwe nipande ngazi. Nilipoliangalia gurudumu lile, kabla sijasoma bei yoyote, magoti yangu yalikuwa yamekwisha kuamua.

Kulikuwa na sababu ya pili. Mwalimu alikuwa na simu nzuri, na picha zake zilikuwa zikifika kwenye kundi la WhatsApp la usharika kabla hatujamaliza kula. Niliiona picha ya mchungaji akibembea Marekani, na chini yake maneno ya watu waliouza ndizi. Sababu ya tatu, iliyokuja mwisho na kwa kuchelewa, ilikuwa fedha.

Basi nilikuwa na sababu tatu kwa mpangilio huu: woga, sura yangu mbele za watu, na maskini. Nilichukua ile ya tatu nikaitanguliza, na zile mbili nikazifunika kwa joho. Katika Katekisimu Ndogo watoto wetu wa kipaimara hujifunza kwamba amri ya nane inatukataza kumdanganya jirani. Siku ile nilimdanganya jirani yangu kwa kutumia watoto wasio na sare, nao hawakuwa wamenituma.

Ndugu zangu, woga si dhambi. Shetani alipomweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe, Yesu alikataa. Hakuona haja ya kuthibitisha imani yake kwa urefu wa jengo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mtu wa Mungu haogopi, na kwamba ukiogopa kupanda ndege au lifti imani yako ina kasoro, usimsikilize. Ningeweza kusema tu, "Mama, naogopa," na Mungu asingenipungukia. Dhambi yangu ilikuwa kuuvisha woga nguo za huruma.

Gurudumu la kwanza

Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumetembelea mtaa wa Hyde Park, kusini mwa mji huohuo. Pale kuna uwanja mrefu wa majani uitwao Midway Plaisance, karibu na Chuo Kikuu cha Chicago. Ukiutazama leo utaona wanafunzi wakicheza mpira na watu wakitembeza mbwa. Lakini mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya dunia, ndipo liliposimama gurudumu la kwanza la aina hii.

Wafaransa walikuwa wamejenga mnara wa Eiffel kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, na Wamarekani walitaka kitu cha kushindana nao. Mhandisi mmoja, George Washington Gale Ferris, akaja na wazo la gurudumu. Wengi walidhani halitasimama. Lilipokamilika mwezi Juni, lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60. Ukijaza vyote, watu 2,160 walikuwa hewani kwa wakati mmoja. Nauli ilikuwa senti 50 kwa mizunguko miwili, sawa na kiingilio cha maonyesho yenyewe. Mke wake Ferris alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda. Katika miezi michache watu zaidi ya milioni moja walipanda.

Ferris alikufa mwaka 1896, akiwa na miaka 37 tu, katikati ya matatizo ya fedha. Gurudumu lake lilihamishwa, likafika hadi St. Louis kwa maonyesho ya mwaka 1904, na mwaka 1906 likalipuliwa kwa baruti na kuuzwa kama chuma chakavu. Miaka 13 tu tangu lilipoanza kuzunguka. Mhubiri wa kitabu cha Mhubiri asingeshangaa.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi nilipokuwa pale. Kwenye uwanja uleule, si mbali na gurudumu, kilijengwa kijiji cha maonyesho cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Waafrika waliletwa kuishi mbele ya macho ya wanaolipa kiingilio, ili watazamwe. Frederick Douglass na Ida B. Wells, wote wawili waliozaliwa utumwani, walitoa kijitabu mwaka huohuo wakieleza kwa nini Wamarekani weusi walikuwa wametengwa na maonyesho hayo. Fikiri basi: watu walipanda juu kwa fahari, na chini kulikuwa na ndugu zetu waliofanywa kuwa sehemu ya mandhari.

Nasema haya ili nisije nikaeleweka kwamba mambo ya burudani hayana uzito wowote. Yanaweza kuwa na uzito mkubwa. Jicho lililo juu linaweza kumwona binadamu kama mdudu. Lakini chuma kile hakikuwa na dhambi. Dhambi ilikuwa katika jicho la mtazamaji na katika mkono uliowapanga watu kama bidhaa. Jicho hilo linaweza kuwa juu ya gurudumu, na linaweza pia kuwa juu ya mimbari.

Mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa neno adiafora, yaani mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Wazee wetu wa Matengenezo waliliandikia sehemu nzima katika Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577. Wao walikuwa wakizungumzia desturi za ibada. Baada ya mwaka 1548 watawala walikuwa wamewalazimisha Walutheri kurudisha baadhi ya desturi walizokuwa wameziacha, na swali likawa: kama desturi yenyewe si dhambi, kwa nini tusiikubali kwa ajili ya amani? Jibu lililofikiwa ni kwamba jambo lililo huru hubaki huru mradi tu lisigeuzwe kuwa sharti la imani. Likigeuzwa hivyo, Mkristo hana budi kusimama.

Luther mwenyewe alikuwa ameligusa jambo hili mapema. Mwezi Machi mwaka 1522 alirudi Wittenberg na kukuta watu wakivunja na kubadilisha mambo kwa fujo kwa jina la uhuru. Akahubiri siku nane mfululizo. Mafundisho yake, kwa maneno yangu mimi, yalikuwa hivi: kuwa na haki ya kufanya jambo hakutoshi, maana yupo ndugu dhaifu ambaye upendo unataka umngoje. Hilo ndilo alilolifundisha Mtume Paulo kwa Warumi na kwa Wakorintho juu ya vyakula.

Tukilileta fundisho hili kwenye lile gati, jibu la kwanza ni rahisi. Kupanda gurudumu si dhambi. Kutokupanda si utakatifu. Mtu asiwekee dhamiri ya mwenzake kamba mahali ambapo Mungu hajaiweka.

Lakini hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, na ni mapema mno. Tukishasikia kwamba jambo ni huru, tunadhani maana yake ni "fanya unavyopenda". Sivyo. Jambo likiwa huru mbele za Mungu, maana yake mikono yangu imefunguliwa ili niitumie kwa ajili ya jirani. Swali linabadilika. Sikupaswa kujiuliza tu kama kupanda ni kosa. Nilipaswa kujiuliza ni nani aliye pembeni yangu, na anahitaji nini kutoka kwangu.

Na maskini je?

Hoja ya mzee wetu nataka niipe heshima yake, maana si hoja ya kitoto. Yeye amelima kwa jembe tangu ujana. Anaposema mifuko miwili ya mbolea, anaiona mahindi yake. Nabii Amosi aliwakemea vikali watu waliostarehe juu ya vitanda vya pembe za ndovu bila kuhuzunika kwa ajili ya maangamizi ya taifa lao. Mkristo asiyewahi kusita kabla ya kutumia fedha kwa anasa, huenda amemsahau jirani yake.

Hata hivyo, kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba mizani yetu lazima iwe ileile kwa mizigo yote. Nilijiuliza: je, niliwahi kuigeuza soda yangu kuwa mbolea? Bando la simu je? Suti niliyoshonesha kwa ajili ya safari ile? Hapana. Nilianza kupiga hesabu ya mbolea mbele ya kitu nilichokiogopa tu. Mwenye mizani ya namna hiyo hawapimii maskini, anajipimia mwenyewe.

La pili ni gumu zaidi. Maria wa Bethania alipomimina marhamu ya thamani miguuni pa Yesu, Yuda alisema ingeuzwa wakapewa maskini. Mwinjili Yohana anatuambia hakusema hivyo kwa kuwajali maskini. Simaanishi kwamba kila anayewataja maskini ni Yuda, hasha. Nasema kwamba maskini wanaweza kutumiwa kama ngao, na kwamba upo wakati ambapo upendo kwa mtu aliye mbele yako unagharimu fedha na hauwezi kuandikiwa risiti.

Na zaidi ya hayo, fedha ile haikuwa yangu. Bibi alipofunga mkoba, hakuna mtoto hata mmoja kijijini kwetu aliyepata sare.

Kusindikizwa

Mwalimu hakuwa amesema lolote. Alikwenda kuketi na bibi kwenye benchi, na kwa kuwa alifundisha Kiingereza miaka mingi, hawakuhitaji mkalimani. Walikaa hapo muda mrefu. Kisha akaja kwangu peke yake.

"Baba Mchungaji," akasema kwa sauti ya chini, "huyu bibi na marehemu mume wake walikuwa wakija hapa kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Walipanda gurudumu la zamani lililokuwepo hapa, wakapanda na hili jipya. Tangu azike hajapanda. Hakutaka kutuambia ili asitulemee. Hatuombi tukajifurahishe. Anaomba asindikizwe."

Neno hilo liliniingia. Sisi tunajua kusindikiza. Mgeni haachwi aondoke mlangoni peke yake, husindikizwa hadi njiani. Aliyefiwa haachwi aende makaburini peke yake. Mimi ni mchungaji, nimewasindikiza wajane wengi hadi mahali wasipoweza kufika wenyewe. Na hapa alikuwepo mjane ambaye nilikula mkate wake siku kumi, aliyeniomba kwa adabu nimsindikize mita 60, na mimi nikamjibu kwa hotuba juu ya umaskini.

Nilikwenda kwenye benchi. Nikamwambia: "Mama, sikukuambia kweli. Naogopa sana mahali pa juu. Lakini kama bado unataka, nitapanda nawe." Akacheka huku akilia. Akaniambia mume wake pia aliogopa, na kila mwaka alifumba macho mpaka nusu ya mzunguko.

Mzee alibaki chini na mikoba yetu. Nilipomweleza habari, alisema, "Nendeni. Mimi hapa panatosha, nitawaombea." Hakunilaumu, na mimi sikumshawishi. Nadhani hiyo ndiyo Warumi 14 ikitembea kwa miguu: mmoja alipanda kwa Bwana, mwingine hakupanda kwa Bwana, na wote wawili wakamshukuru Mungu.

Sitasema kwamba imani ilinitoa woga. Nilishika chuma cha kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini niliyafumbua macho. Upande mmoja niliona majengo marefu ya mji. Upande mwingine niliona ziwa lisilo na ng'ambo, kama mtu anavyoliona Ziwa Victoria akiwa Mwanza siku ya mawingu. Chini watu walikuwa wadogo sana. Nilimtafuta mzee wetu nisimwone, na hilo likanisumbua, maana yeye alikuwa mkubwa kwangu kuliko vyote nilivyokuwa navyoviona. Kutoka juu unaweza kuwaona watu elfu, lakini huwezi kumsalimu hata mmoja.

Bibi hakusema kitu. Mwalimu alimshika mkono. Mimi sikuhubiri, na namshukuru Mungu kwamba sikuhubiri.

Tulipofika juu kabisa nilitamani liharakishe. Bibi, nadhani, alitamani lisimame. Halikumsikiliza hata mmoja wetu. Petro naye alipouona utukufu mlimani alitaka kujenga vibanda, lakini Bwana akawashusha, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa. Zakayo alipanda mkuyu ili amwone Yesu, na jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba ashuke. Hakuna anayekaa juu ya gurudumu. Anayepanda hupewa muda mfupi wa kuona mbali, kisha hurudishwa kwa watu, ambao ndio kazi yake.

Swali lilitufuata nyumbani

Ningependa kumalizia hapo, lakini Mungu hakunimalizia hapo.

Picha ilifika kwenye kundi la usharika, kama nilivyoogopa. Jumapili ya kwanza niliwaeleza washarika yote, pamoja na uongo wangu. Walicheka vizuri sana waliposikia habari za simu ya ngazi. Baada ya ibada, yule mama wa maparachichi saba alinishika mkono akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mchungaji, na watoto wetu watapanda lini?"

Alikuwa akitania, lakini sikulala. Kwa miaka miwili mfululizo mwinjilisti wetu alikuwa ameleta kwenye baraza la wazee ombi la kuwapeleka watoto wa kipaimara mlimani, kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara kilicho kwenye mita zipatazo 2,700, kwenda na kurudi siku moja. Watu huvuka bahari kuja kuupanda mlima huu. Mmisionari wa Kilutheri Richard Reusch aliupanda mara nyingi, na shimo la volkano lililo kileleni linaitwa kwa jina lake. Watoto wetu wanauona kila asubuhi wakienda kuchota maji, na wengi wao watazeeka bila kuingia lango lake, ingawa kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Mara zote mbili ombi hilo lilikatwa. Aliyelikata ni mimi. Na sababu niliyoitoa mnaijua: fedha hiyo ni sare, ni mbolea.

Nilikuwa nimewafanyia watoto wangu nilivyomfanyia bibi yule. Niliwapenda maskini kama watu wanaohitaji unga na daftari, nikasahau kwamba Mungu aliyewapa tumbo amewapa na macho. Zaburi hazimsifu Mungu kwa ajili ya chakula peke yake. Zinamsifu pia kwa ajili ya milima, nyota na bahari, na hakuna mahali zinaposema kwamba hayo ni ya wenye fedha.

Nililirudisha ombi lile mbele ya baraza mimi mwenyewe. Palikuwa na mabishano. Mmoja alisema zahanati inadai. Alisema kweli. Kisha mzee wetu, yule aliyebaki na mikoba, akasimama. "Mimi kule nilibaki chini kwa hiari yangu," alisema. "Watoto hawa wamebaki chini kwa sababu sisi tumewafungia mlango. Si jambo moja." Akaahidi ndizi za kuchemsha za safari nzima. Baraza likakubali, kwa sharti kwamba deni la zahanati lilipwe kwanza, na fedha ya safari itoke kwenye fungu la kupaka rangi nyumba ya mchungaji. Nikakubali. Rangi bado inasubiri.

Mpendwa msomaji, wewe huenda hutaliona gurudumu la Chicago. Lakini utasimama mbele ya mambo mengi yasiyoamriwa wala kukatazwa: sherehe, safari, nguo, chakula kizuri, siku ya mapumziko. Usiwe mwepesi kusema ndiyo kwa sababu u huru, wala usiwe mwepesi kusema hapana kwa sababu hapana husikika kitakatifu. Jiulize kwanza kama sababu unayoitamka ndiyo sababu uliyo nayo. Kisha tazama benchi lililo karibu nawe, uone ni nani ameketi pale peke yake. Ukiweza kupanda naye, panda. Ukishindwa, mwambie kweli, ukae naye hapo chini.

Bwana aliyeshuka kwa ajili yetu atupe macho ya kuona mbali, na miguu ya kurudi kwa jirani. Amina.